Kidonda Kimepona, Tarehe ya Kurudi Bado Ipo
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Musoma, Bunda na Butiama



 Sisi tunaozungumza nanyi leo si madaktari. Ni watu wa vijiji vya Mara kama ninyi. Tuna watoto, ndugu na wazee waliopasuliwa kichwa hospitalini, na tangu siku hiyo sisi ndio tunaowapeleka kliniki. Basi la Mwanza tumelipanda mara nyingi hata makondakta wanatufahamu. Mambo tutakayosema tumeyasikia kwa madaktari na wauguzi, na mengine tumeyaona kwa macho yetu.

Jambo letu ni moja tu. Mtu amepasuliwa kichwa. Nyuzi zimetolewa. Nywele zimeota juu ya kovu. Anakula ugali wake, anakwenda shambani, anacheka na wenzake. Lakini kwenye kadi yake imeandikwa tarehe ya kurudi kwa daktari. Je, aende?

Wengi husema: "Aende kufanya nini naye amepona? Hiyo si nauli ya bure?" Swali hili si la kijinga. Nauli ni fedha, na fedha ni mihogo, ni pamba, ni dagaa. Ndiyo maana tumekuja kulijibu taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu ubongo wenyewe. Mtu akijikata mguu kwa jembe, mguu unamwambia. Unauma, unavimba, unatoa usaha. Mguu ukinyamaza, anajua umepona. Ubongo si hivyo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu hata ukiguswa. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, na utando unaofunika ubongo, na mishipa ya damu. Kwa hiyo jambo baya linaweza kuanza ndani polepole, na mwenye kichwa asijue. Siku atakapoanza kusikia kichwa kinauma, jambo lile limekwisha kukua. Ngozi ya nje hupona kwa wiki mbili au tatu hivi. Ya ndani hatuyaoni. Daktari naye hayaoni kwa macho. Huyatafuta kwa maswali, kwa kumulika macho, kwa kumtembeza mgonjwa, na kwa picha.

Kupasua kichwa si jambo geni katika sehemu zetu hizi. Majirani zetu Wakisii, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na mafundi wao walioitwa ababari. Mtu aliyepigwa kichwani akawa anaumwa kichwa bila kupona, fundi alimfungua ngozi na kukwangua mfupa. Madaktari wa kizungu waliona kazi hiyo na kuiandika tangu miaka ya 1950. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kichwa kikifunguliwa mtu hawezi kuishi. Watu waliishi hata zamani. Leo wanaishi wengi zaidi.

Kwa upande wa hospitali, nchi yetu ilichelewa kupata wataalamu. Ndugu yetu wa Mara, Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki Machi 2025, alikuwa bingwa wa mifupa Muhimbili, na ni mmoja wa waliofungua njia ya tiba hii. Mtanzania wa kwanza kuhitimu kikamilifu upasuaji wa ubongo, Dakta Peter Kadyanji, alirudi kutoka masomoni Urusi ya wakati ule na kuanza kazi Muhimbili mwaka 1985. Mwaka 1996 ikaundwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile tunayoiita MOI, na hadi leo inatibu mifupa na ubongo pamoja. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, hospitali yetu kubwa ni Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Musoma hadi Bugando ni zaidi ya kilometa 200. Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Umbali huo ndio adui wetu katika habari hii, na tutaurudia.

Sasa tuzungumze juu ya watoto.

Ndani ya ubongo mna maji. Kila mtu anayo, tangu tumboni mwa mama. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, na maji hayo hupita njia zake na kunyonywa na damu. Njia ikiziba, maji hujaa. Mtoto mchanga mifupa yake ya kichwa haijashikana, basi kichwa hupanuka. Huyo ndiye mtoto mwenye kichwa kikubwa. Si laana, wala hakuna jirani aliyemroga. Uganda, katika hospitali ya watoto iliyoko Mbale, madaktari walichunguza watoto 300 wenye ugonjwa huu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walikuta kwamba zaidi ya nusu waliupata baada ya kuugua maambukizi, wengi wao katika mwezi wa kwanza wa maisha. Wengine huzaliwa nao.

Daktari anaweza kuweka mrija mwembamba. Wengine huuita shanti. Unaanzia ndani ya kichwa, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, unaishia tumboni. Maji yaliyozidi yanateremka humo na mwili unayanyonya. Ukipapasa nyuma ya sikio la mtoto unausikia mrija chini ya ngozi.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani mrija ukishawekwa, kazi imekwisha. Ndugu, mrija ni kama bomba la maji la kijiji. Siku ya kufungua bomba tunapiga vigelegele. Lakini bila fundi wa kulitazama, baada ya mwaka linakuwaje? Mrija nao huziba. Huweza kukatika. Huweza kuingiwa na vijidudu. Na mtoto anarefuka, mrija haurefuki. Hata katika nchi tajiri zenye hospitali kila mji, karibu nusu ya mirija ya watoto hupata hitilafu ndani ya miaka miwili ya kwanza. Nyingine hukaa miaka 10 au 20 ndipo ikaziba. Hakuna siku ambayo mtu mwenye mrija anaambiwa, "Basi, usirudi tena."

Tuwasimulie. Katika kijiji kimoja cha upande wa Bunda kulikuwa na binti aliyewekewa mrija akiwa na miezi minne. Alitembea, akasema, akaanza shule. Baba yake alimpeleka kliniki kwa miaka miwili, kisha akaona mtoto ni mzima, akaacha. Kadi ikakaa darini, panya wakaila. Baadaye mtoto akahamia kwa shangazi yake, kijiji kingine. Alipofika darasa la tatu akaanza kuumwa kichwa asubuhi. Akawa anatapika anapoamka, halafu mchana anapata nafuu. Wakasema ni malaria. Akanywa dawa. Hakupona, akapewa dawa nyingine. Siku tisa zikapita. Shangazi hakujua habari za mrija, na waliomtibu hawakuambiwa. Aliyeshtuka ni mwalimu, alipoona mtoto anapapasa dawati akitafuta kalamu. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, ikaonekana mrija umeziba. Wakaubadilisha, na mtoto akaishi. Lakini maji yalikuwa yamebana mishipa ya macho siku nyingi mno. Leo anaona mwanga na kivuli tu. Ni binti mwenye akili sana, na anaimba vizuri. Kitabu hawezi kusoma.

Hatuwasimulii ili tumlaumu baba yake. Alikuwa na watoto sita na shamba moja la pamba. Tunawasimulia ili mjue kwamba ugonjwa huu hauji na kelele. Unakuja umevaa nguo za malaria. Na hapa kwetu malaria ipo kweli, kwa hiyo mtoto akiwa na homa apimwe. Lakini hata kama kipimo kitaonyesha malaria, mwambieni mhudumu neno hili kabla ya maneno mengine yote: "Mtoto huyu ana mrija kichwani." Malaria na mrija ulioziba vinaweza kuja siku moja.

Dalili mnazopaswa kuzijua ndizo hizi. Kwa mtoto mchanga, kichwa kinakua upesi, utosi unavimba na kuwa mgumu, macho yanatazama chini kama jua linapotua, analia sana au anasinzia na kukataa ziwa. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, kichwa kuuma hasa asubuhi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuona vitu viwili viwili, kubadilika tabia, kurudi nyuma darasani. Na wote wawili, ngozi kuwa nyekundu au kuvimba pale mrija unapopita, au homa katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Mtoto mwenye mrija anayetapika na kusinzia asilale nyumbani usiku huo. Asingoje tarehe ya kliniki. Anapelekwa siku hiyo hiyo.

Mama mmoja hapa Musoma alituuliza: "Je, hakuna upasuaji usiotumia mrija?" Upo. Hapo tena tunarudi Mbale. Mwaka 2000 alifika huko daktari Mmarekani, Benjamin Warf. Aliona tatizo lile lile tunalolijua sisi: mtoto anawekewa mrija, anarudi kijijini mbali, mrija unaziba, na mama hana njia ya kumfikisha hospitali kwa wakati. Akafanya kazi na wenzake Waganda kutumia njia nyingine. Wanaingiza kamera nyembamba ndani ya kichwa, wanatoboa tundu dogo ili maji yapate njia mpya, na wanachoma sehemu inayotengeneza maji ili yapungue. Mrija hauachwi ndani. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550 wa Afrika. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofanyiwa yote mawili, 66 katika kila 100 walifaulu. Ni habari njema sana, na ilianzia hapa Afrika Mashariki ikaenda duniani.

Lakini zipigeni hesabu hizo, maana hesabu tumejifunza. Kama 66 wamefaulu, wangapi wamebaki? 34. Hao 34 tundu liliziba au halikutosha, wakahitaji upasuaji mwingine. Wengi hujulikana katika miezi sita ya kwanza. Wanajulikanaje? Wanajulikana kwa kurudi kliniki na kupimwa kichwa. Kwa hiyo hata upasuaji uliotafutwa kwa ajili ya watu wa mbali haukuondoa safari ya kurudi.

Kupima kichwa ni kazi ndogo. Ni futi ya kamba ya fundi cherehani, inazungushwa juu ya nyusi na juu ya masikio hadi kisogoni. Mtoto akizaliwa kichwa huwa karibu sentimeta 35. Miezi mitatu ya kwanza kinaongezeka kama sentimeta 2 kila mwezi. Miezi mitatu inayofuata ni sentimeta 1 kila mwezi. Baada ya hapo ni nusu sentimeta mpaka atimize mwaka. Zahanati yoyote inaweza kupima, na mama aliyehitimu kisomo anaweza kuandika namba hiyo na tarehe yake katika daftari. Daftari hilo ni zawadi kubwa kwa daktari.

Tuwaache watoto kidogo, twende kwa watu wazima. Siku hizi bodaboda zimejaa, na kofia za chuma ni chache. Kijana anaanguka, damu inavuja ndani ya fuvu na kubana ubongo. Anapelekwa, anatobolewa, damu inatolewa, anarudi nyumbani anatembea. Wazee nao huweza kupata damu ya namna hiyo kwa kugonga kichwa kidogo tu mlangoni, na ikaonekana wiki kadhaa baadaye. Damu hii mara nyingine hurudi, zaidi katika wiki na miezi ya kwanza. Mzee aliyetolewa damu akaanza tena kupepesuka, kusahau au kuburuta mguu, msiseme ni uzee. Na wapo waliotolewa kipande cha mfupa wa fuvu kisirudishwe siku ile, ili ubongo uliovimba upate nafasi. Hao wana sehemu laini kichwani. Lazima warudi kufunikwa, na kabla ya hapo wasipande pikipiki wala wasipigane hata kwa mchezo.

Jambo linaloweza kuua baada ya upasuaji wa kichwa ni kuacha dawa. Ubongo ulioumia unaweza kuleta kifafa, iwe mwezi ule ule au baada ya mwaka. Daktari anatoa vidonge vya kuzuia. Mgonjwa anakunywa miezi mitatu, hapati kifafa, anasema, "Nimepona," anaacha. Jamani, hakupata kifafa kwa sababu vidonge vilikuwa vinakizuia! Ukiviacha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu kisikome, na hicho huua. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo, na daktari ndiye anayepunguza, mara nyingi baada ya mtu kukaa kama miaka miwili bila kuanguka. Wengine hazipunguzwi. Wengine daktari anaona hawazihitaji kabisa. Kila mtu na kichwa chake. Usichukue vidonge vya jirani kwa kuwa naye alipasuliwa.

Vidonge vikibaki vya wiki moja, anza kutafuta vingine. Usingoje kopo liwe tupu. Akina mama wanaotumia dawa hizi, mkitaka kuzaa mwambieni daktari mapema, kabla mimba haijaingia, kwani zipo zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni na zinabadilishwa. Msiziache wenyewe. Pombe iachwe, gongo zaidi ya zote. Na sisi watu wa ziwani tuna sharti letu. Aliyewahi kuanguka kifafa asiende kuvua peke yake, asioge ziwani peke yake, wala asiende peke yake kuteka maji kwenye kisima kirefu. Akipika, jiko liwe na kizuizi. Kijana mmoja wa mwalo wa Musoma alikataa kabisa sharti hili. Alisema mvuvi asiyevua atakula nini? Ndugu zake walifanya jambo la akili. Walimpa kazi ya kuanika na kupima dagaa nchi kavu, na fungu lake kama kawaida, mpaka daktari atakapoamua. Ni mwaka wa tatu sasa, na fungu hawajampunguzia.

Wapo pia waliotolewa uvimbe. Hapa tutasema kwa ufupi kwa kuwa aina za uvimbe ni nyingi. Mara nyingine daktari huacha kipande kwa makusudi, kwa sababu kimegusa mshipa wa jicho au wa damu, na kukikata kungeleta hasara kubwa zaidi. Kipande hicho kinahitaji mlinzi. Uvimbe mwingine hukua polepole sana, hata miaka mitano au kumi bila mtu kujua. Na wapo waliofanyiwa upasuaji karibu na tezi iliyo chini ya ubongo, wakapewa vidonge vya kunywa maisha yao yote. Vile si vya maumivu. Mwili hauwezi kwenda bila vidonge hivyo. Mwenye navyo asikose hata siku moja, na akiugua au kutapika aseme hospitalini mara moja.

Sasa turudi kwenye swali letu: mtu mzima wa afya anakwenda kliniki kufanya nini?

Anakwenda ili daktari amjue akiwa mzima. Hili tulilielewa siku muuguzi mmoja alipotueleza. Alisema picha ya kichwa ya mtu aliyepasuliwa haifanani na ya mtu mwingine. Ina makovu, ina mashimo ya maji yaliyo makubwa kidogo au madogo. Akija siku ya ugonjwa, daktari anaiangalia picha na kujiuliza: "Je, alikuwa hivi siku zote au kumebadilika?" Kama ipo picha ya siku njema, anaziweka mbili pamoja na kuona. Kama haipo, anabahatisha. Ni kama mchungaji anayejua ng'ombe wake wakiwa malishoni wametulia. Huyo ndiye anayeona mapema yule anayeumwa.

Kwa hiyo picha zenu ni mali. Zisikunjwe, zisitumike kuziba dirisha. Tumeona dirisha la namna hiyo, wala hatutanii.

Na madaktari huhama. Aliyekupasua mwaka huu, mwaka kesho anaweza kuwa Dodoma au Mbeya. Faili nalo huweza kuchelewa kupatikana. Karatasi zako zisihame nawe ukazipoteza. Bibi mmoja wa Butiama aliyejifunza kusoma akiwa na mjukuu tayari, anaweka kila kitu katika ndoo ndogo yenye mfuniko: kadi, barua ya rufaa, picha zimefungwa kwa nailoni, na daftari. Mjukuu wake ana mrija. Usiku mmoja kijana alitapika, akawa mzito kuamka. Watu wa nyumbani wakasema wangoje asubuhi. Bibi akawasha taa, akafungua ndoo, akawasomea kwa sauti mstari ulioandikwa na daktari: akitapika na kusinzia aletwe mara moja. Hakuna aliyebishana na maandishi. Wakatafuta gari wakaenda Musoma, na kesho yake wakapelekwa Mwanza. Yule bibi hadi leo anasoma herufi moja moja, kwa kidole. Ilitosha.

Wazee wetu mnakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, tulivyokusanyika penye redio na vitabu vyetu. Wakati ule tulijifunza kuchimba vyoo na kuondoa madimbwi. Kadi ya kliniki ni kitabu cha namna ile, ila ni kifupi. Soma namba yako ya hospitali. Soma jina la upasuaji uliofanyiwa. Kama ni la kigeni, mwombe daktari aliandike kwa Kiswahili chini yake. Soma jina la dawa, vidonge vingapi, mara ngapi. Soma tarehe ya kurudi na siku yake ya juma. Kama huelewi neno, uliza kabla hujatoka mlangoni. Usione haya. Na andika namba ya simu inayopatikana kweli. Tumekuta kadi zenye namba ya mtu aliyehama zamani.

Imebaki habari ya fedha, na hapa hatuna dawa ya miujiza. Nauli ya watu wawili kwenda Mwanza, chakula, pengine kulala usiku mmoja, ni mzigo. Familia nyingine huweka akiba katika kikundi kwa jina la mgonjwa, kidogo kidogo kila wiki. Huko Bunda wapo wanaotenga fungu siku ya kuuza pamba, kabla fedha haijaingia mfukoni mwa mtu yeyote. Asiyeweza kabisa aende kwa mtendaji wa kijiji apate barua, halafu aipeleke ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa gharama. Watoto wa chini ya miaka mitano wamo katika sera ya matibabu bila malipo. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ulizeni kituoni kwenu jinsi ya kujiandikisha na yapi yanalipiwa.

Si kila safari lazima iwe ya Mwanza. Mwulize daktari wako wazi wazi: "Je, lipi naweza kufanyiwa karibu?" Kupima kichwa cha mtoto ni zahanati. Dawa za kifafa mara nyingi hupatikana hospitali ya wilaya. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 ulioanza mwaka 2021, serikali ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Basi kabla ya kupanda basi, uliza kama picha yako inaweza kupigwa Musoma, pale Hospitali ya Mwalimu Nyerere, wengi mnaijua kwa jina la Kwangwa. Lakini usiamue mwenyewe kwamba Musoma inatosha. Ziko ziara ambazo ni lazima mwenye utaalamu wa kichwa akuone. Na ukishindwa kabisa kwenda tarehe yako, kwa msiba au mafuriko, usikae kimya ukidhani umefutwa. Nenda juma linalofuata. Sisi tumepeleka wagonjwa waliochelewa miezi minane, wakaulizwa swali moja la ukali, kisha wakapimwa kama wengine.

Ndugu Mwenyekiti, muda tuliopewa umekwisha na jua limepanda. Tutakaa hapa chini ya mti mpaka saa nane. Waliokuja na kadi zao wazitoe, tuzisome pamoja moja moja, tukianza na yule mama mwenye mtoto mgongoni. Futi ya kamba tunayo.